Kinyama cha Hosiana

Dar es Salaam
27 Juni 2024

Mjomba wangu Ignas,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Naamini baridi ya Nyandira haijakushika kifua kama mwaka jana. Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama maabara kutwa. Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza, usije ukalalamika tena kwamba nimesoma miaka yote hiyo nikashindwa na mwandiko.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako ndiyo hayo, na meseji zako zote anakusomea Hosiana. Hili sitaki mdogo wangu alisome akiwa wodini na mshono mbichi.

Juzi Jumanne daktari pale Morogoro alimtoa uvimbe kwenye kizazi, kizazi chenyewe akakiacha, tukashukuru. Uvimbe ukakabidhiwa kwako ndani ya ndoo ndogo yenye fomalini, ile dawa kali ya kuhifadhia. Tulikubaliana uje nao Dar kwa basi la Jumatano, uniwekee mkononi, tuupime kama ni uvimbe wa kawaida au ni saratani. Jumatano nimekaa stendi tangu saa nne hadi saa tisa. Nesi anasema uliondoka na ndoo yako asubuhi na mapema. Umeenda nayo wapi, Mjomba?

Luqmani anapandisha lori tupu huko kesho, nimempa barua hii. Akigeuza na karoti zake, naomba aje na ndoo. Usifungue kifuniko, usimwage ile dawa, usiongeze kitu chochote.

Hosiana ana miaka thelathini na moja na ameolewa miaka tisa bila mtoto. Mimi sikujaliwa, na umri umeshanitupa mkono. Nataka jibu lake liwe la uhakika.

Mpwa wako,
Anastasia


Nyandira, Mgeta
29 Juni 2024

Mpwa wangu Anastasia,

Milele amina, na marahaba. Sisi huku hatujambo. Ukungu haujaondoka tangu Jumapili. Kabichi zinaupenda, mifupa yangu haiupendi. Mbuzi mmoja kazaa mapacha. Nasibu anamwandalia mkewe kile chumba cha mbele, kapiga plasta mpya na kununua mkeka, maana Hosiana ataruhusiwa Jumatatu. Mume wa namna hiyo tumshukuru Mungu.

Umenihoji kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Mwalimu hapa ni mimi, hata kama nimestaafu. Nilichelewa kwa sababu ya mambo ya nyumbani yasiyoandikika kwenye karatasi, nawe umezaliwa nyumba hii, huna haja ya kufundishwa.

Mzigo wako huo, kwenye chupa ya jemu. Sikutuma wote. Ulikuwa mkubwa kama ngumi mbili, na kwa mashimo ya barabara yetu ndoo ingemwagikia karoti za watu. Nimekata mwenyewe kwa kisu kipya, pale katikati penye nyama safi, nikaacha ya pembeni ambayo ilikuwa imeshabadilika rangi na kukakamaa. Ninyi wa maabara mnahitaji kidogo tu.

Uliobaki uko mahali pake.

Mjomba wako,
Mwalimu Ignas


Dar es Salaam
20 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hongera kwa mapacha. Hosiana kanipigia jana, sauti yake imerudi, anasema unamlisha uji wa ulezi mpaka anakimbia akikuona na kikombe. Endelea hivyohivyo. Huku joto limepungua kidogo, na jirani yangu bado anafuga kuku kwenye ngazi.

Chupa ilifika salama. Nilipofungua, pua ilisubiri fomalini ikapata spiriti ya kusafishia vidonda. Nikajiambia labda hospitali waliishiwa. Nikahamishia kinyama kwenye fomalini yangu na sikuuliza zaidi. Halafu nitakwambia jambo ambalo usimwambie mtu: sikukipitisha mapokezi. Foleni yetu ni ya miezi miwili. Nimekipenyeza kati ya kazi za Daktari Yasmin kwa herufi mbili za jina, na yeye hajui kwamba ni cha mdogo wangu.

Tumekizamisha kwenye nta, tukakikata vipande vyembamba mno, tukavilaza juu ya vioo. Daktari ametazama kwa hadubini mara tatu na hataki kubahatisha, kwa sababu kuna uvimbe wa aina mbili unaofanana. Wa kwanza ni wa misuli laini ya kizazi. Seli zimesongamana lakini hauna madhara, ukishatolewa yamekwisha. Wa pili unatoka kwenye ukuta wa ndani kabisa wa kizazi, nao ni saratani ya polepole. Tiba yake ni kuondoa kizazi pamoja na vifuko vya mayai.

Kinachotenganisha ni kingamwili moja tunayoitunza kwenye friji, ndani ya kichupa kisichozidi cha wanja. Inatafuta protini moja tu, iitwayo kaldesmoni, inayoongoza misuli laini kubana na kulegea bila sisi kuiamrisha: misuli ya utumbo, ya mishipa ya damu, ya kizazi. Ikiikuta inaing'ang'ania, na tukimwagia rangi panageuka kahawia. Isipoikuta, panabaki pamepauka. Na kwa kuwa unapenda kuona njia na si jibu peke yake: hata kama uvimbe si wa misuli, mishipa midogo ya damu inayopita ndani yake ni lazima iwe kahawia. Hiyo ndiyo hutuhakikishia kwamba kipimo kimefanya kazi.

Kahawia maana yake Hosiana amepona. Kichupa kimebaki na matone ya kutosha kioo kimoja. Kingine kimeagizwa na hakijulikani kitafika lini. Waambie wanajumuiya wasali, usiwaambie kwa nini.

Wako,
Anastasia


Nyandira, Mgeta
4 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Hosiana anatembea hadi kwenye matuta ya chini na kurudi. Asubuhi anapita mlangoni kwangu kabla ya kuwasha moto. Shikamoo yake naiona midomoni, sihitaji masikio, na siku yangu inaanzia hapo. Juzi amecheka. Sikusikia, lakini nilimwona Nasibu akicheka naye, wote wawili wameshika nguzo. Wameanza kuhesabu miezi aliyoambiwa na daktari asubiri kabla ya kushika mimba.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kama ningefundishwa hivyo ujanani ningekuwa profesa. Jumuiya inasali.

Sasa swali la mwalimu mzee wa sayansi. Nyama ikikaa siku mbili bila ile dawa yenu, penye baridi ya huku, hiyo protini hubaki au huondoka? Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Ukimaliza niandikie na ile mishipa ya damu ilikuwaje.

Mjomba wako,
Ignas


Dar es Salaam
19 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo.

Nimeshapima. Kahawia haikuja. Uvimbe umepauka wote, na Daktari Yasmin ameandika kwamba ni ile saratani ya pili. Nimempelekea majibu daktari wa Morogoro. Anataka Hosiana arudi mapema kutolewa kizazi na vifuko vya mayai, asiachiwe kutafuta mtoto hata mwezi mmoja, maana homoni za mimba zinaweza kuulisha ugonjwa.

Mwambie wewe. Nimejaribu kumpigia mara tatu na kila akipokea nazungumzia hali ya hewa. Wewe ndiye mjomba. Kwako hawezi kubisha.

Swali lako la nyama na baridi nitalijibu siku nikitulia.

Anastasia


Nyandira, Mgeta
8 Septemba 2024

Mpwa wangu Anastasia,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristu. Mbuzi wazima. Njegere zimetoka vizuri mwaka huu, Luqmani kapakia mara tatu.

Imeshafanyika, Jumanne tarehe tatu.

Nilimwambia nikiwa nimemkalisha jikoni, na Nasibu akiwepo. Alinitazama muda mrefu. Ujue nasoma midomo, kwa hiyo mtu akitaka kuninyima maneno hufunga mdomo tu, na yeye akaufunga. Kesho yake akasema hataki. Akasema kama ni saratani kinyama kipimwe tena kwingine, kwa watu wengine, akipata jibu lilelile atakwenda. Nasibu akamuunga mkono.

Nikamwambia hivi: "Dada yako yuko kwenye kazi hii miaka kumi na tisa. Amewapima watu asiowajua wakapona. Ataanzaje kukupima wewe vibaya?" Nikamwambia kwamba mimi ndiye ndugu pekee niliyebaki kwa mama yenu, na mama yenu asingeniachia nimzike binti yake kwa ubishi. Hapo akalia, na alipomaliza akaenda kufunga nguo. Kwenye fomu ya hospitali alisaini. Mimi nilisimama nyuma yake.

Unajua kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama. Bibi yako alizaa watano, wa kike mmoja tu, mama yenu. Mama yenu kawazaa ninyi wawili. Hili shamba, hayo matuta, jina la ukoo wetu, lukolo letu, vyote vilikuwa vinamsubiri Hosiana. Sasa havimsubiri mtu. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena.

Safari hii ndoo sikuigusa. Hospitali wenyewe wamewapelekea, na nilihakikisha kifuniko hakijafunguliwa.

Hukuniandikia mishipa ilikuwaje.

Mjomba wako,
Ignas


Dar es Salaam
14 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Nilikuwa mzima, sitakudanganya kwa malaria.

Kizazi cha Hosiana kilifika tarehe tano Septemba, kimehifadhiwa vizuri na kupita mapokezi kama vya wengine. Kwenye ukuta wake kulikuwa na kivimbe kingine kilichobaki, hakizidi punje ya njegere. Kwa hadubini kinafanana na kile cha kwanza, seli kwa seli. Wiki iliyopita kichupa kipya cha kaldesmoni kikafika. Daktari hakuwa ameniagiza. Nilipima mwenyewe, saa ya chakula, wenzangu wakiwa kantini.

Kimekuwa kahawia, Mjomba. Kahawia ya chai ya rangi iliyokolea, kivimbe chote, na mishipa yote ya damu, hakuna shaka hata kidogo. Hosiana hakuwa na saratani. Alikuwa na uvimbe wa misuli, wa kawaida, ambao ulishatolewa Juni, na angeweza kuzaa.

Ulitaka kujua kuhusu mishipa. Kwenye kile kioo cha Agosti kulikuwa na mishipa miwili kwenye kona, na yote ilikuwa imepauka. Niliiona. Kipande cha utumbo tunachopima pembeni kwa kulinganisha kilishika rangi vizuri, kwa hiyo kingamwili ilikuwa nzima. Kinyama ndicho kilichokuwa kimekufa. Daktari Yasmin alikuwa na rundo la vioo mbele yake. Alitazama katikati ya uvimbe, kisha akaniuliza, "Mishipa imeshika?" Nikasema imeshika. Ananiamini miaka kumi na tisa, akaandika.

Ningesema haijashika, angeomba kinyama kingine. Angeuliza hiki kimetoka wapi, kimefikaje, kwa nini hakimo kwenye rejista, kwa nini kilinuka spiriti. Niliogopa kazi yangu. Na nilijiambia kwamba kama ni saratani kweli, kuchelewa kutamuua, bora kukata. Hilo la pili ndilo nililokuwa najirudia nikilala. La kwanza ndilo la kweli.

Na swali lako la nyama nililielewa siku ileile nilipolisoma. Nililiacha kwa sababu kulijibu kungenilazimu kukuuliza, nami sikutaka kujua.

Sasa nataka. Uliufanya nini ule uvimbe?

Anastasia


Nyandira, Mgeta
3 Novemba 2024

Anastasia mwanangu,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza, njia ya kwenda kisimani haipitiki. Nasibu amekwenda Ifakara kulima mpunga. Alisema wiki tatu. Ule mkeka aliununua yeye, na aliondoka nao, kwa hiyo nimeshajua ni wiki ngapi. Hosiana anapatwa na joto la ghafla hata kwenye baridi hii. Anatoka nje na kusimama kwenye ukungu mpaka limpite.

Nimesoma barua yako nikiwa zizini ili asione uso wangu.

Nilikwenda nao nyumbani kwa bibi yako. Kondo la kila mtoto wa nyumba hii limezikwa pale nyuma, kwenye migomba, la kwako na la Hosiana pia. Mashimo nilichimba mimi, kama ilivyo kazi ya mjomba. Kilichotoka tumboni mwa mwanamke wetu hakilali ugenini. Kikilala ugenini, tumbo halishiki tena. Ndivyo nilivyoambiwa na ndivyo nilivyoamini, nikiwa na cheti cha ualimu na miaka thelathini na nne ya kufundisha sayansi darasa la saba. Wewe ulisema uletwe Dar, ukatwe, kisha utupwe kwenye tanuri lenu. Niliona nikikusikiliza wewe peke yako tutampatia jibu na kumkosesha mtoto.

Nilimwaga ile dawa kwa sababu haiwezi kuingia kwenye udongo ule. Nikauosha uvimbe kwa maji ya kisima, nikauvika kitambaa cheupe, nikauzika Jumatano jioni. Barua yako ilipofika Ijumaa, nikaufukua. Fomalini haikuwepo tena, nikaomba spiriti kwenye zahanati. Na ile ya pembeni, iliyobadilika rangi na kukakamaa, nikaiacha nikidhani imeoza.

Najua sasa. Ile ya pembeni ndiyo iliyokuwa imeshaiva kwa dawa. Ningekutumia hiyo, ungepata kahawia yako.

Hukuandika habari za mishipa, nami nikaona kwamba hukuandika. Niliuliza mara ya pili kizazi kikiwa kimeshatoka, ili nionekane niliuliza. Fikiria mtu wa namna hiyo. Mimi ndiye niliyesimama nyuma yake akisaini.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie. Anaamini aliponea chupuchupu. Kanisani amewasha mshumaa wa shukrani. Huo ndio pekee tuliomwachia, kwamba alitoa kizazi akapata uhai. Ukimnyang'anya na huo, atabaki na nini? Mimi nina miaka sabini na mitatu, nitakufa nalo. Nawe jifunze kuishi nalo.

Mjomba wako,
Ignas


Dar es Salaam
17 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa njia ya kisimani, na pole kwa Nasibu.

Nimemwambia Daktari Yasmin kila kitu. Hakunipigia kelele. Aliomba vioo vyote viwili, akavitazama, akavua miwani, akaniambia nikaandike maelezo. Nimesimamishwa kazi. Amesema Hosiana ana haki ya kuitwa na kupewa majibu sahihi, na ataitwa kabla ya Krismasi. Hata kama ningetaka kukutii, haliko tena mikononi mwangu. Wala sitaki kukutii.

Unasema atabaki na nini. Kila miezi mitatu atakuwa akisafiri hadi Morogoro kuchunguzwa saratani ambayo hana. Kila akikohoa atadhani imerudi. Huo si uhai tuliomwachia, Mjomba. Tumemwachia woga wetu, akae nao yeye.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake, nimeifunga. Nimeandika yote niliyofanya, ya kwako sikuyagusa. Aisikie habari nyumbani, asiisikie kwa nesi. Mwambie wewe kwanza, umpe na hii. Kama huwezi, rudisha jibu kwa Luqmani nami nitapanda lori lake.

Anastasia


Nyandira, Mgeta
8 Desemba 2024

Anastasia,

Leo sina salamu.

Nilimwambia Jumapili iliyopita baada ya misa. Sikumkalisha jikoni kama mara ile. Nilimpeleka kwenye migomba ya bibi yako, nikamwonyesha mahali, maana niliona nikisema ndani ya nyumba nitapata njia ya kupunguza. Sikupunguza. Nilimwambia kitambaa, maji ya kisima, kisu kipya, chupa ya jemu. Nilimwambia kwamba uliniandikia nisifungue kifuniko, na nilikuwa nimeshafungua.

Aliniuliza maswali mawili. Aliyasema polepole, amenigeuzia uso ili nisikosee. La kwanza: "Ilikuwa na jina gani hiyo mliyoikosa?" Nikamwambia kaldesmoni. Akajaribu kulitamka, nililiona likipita midomoni mwake. La pili: "Dada alijua?" Nikasema alijua.

Nikampa barua yako. Aliigeuza, akasoma jina lake kwa mwandiko wako, akanirudishia. Nimeiweka humu, haijafunguliwa. Amesema Luqmani asikupandishe. Amesema siku akitaka kukuona atashuka mwenyewe.

Kisha akachukua kikapu akaenda kwenye njegere. Alichuma tuta zima, zilizokomaa na changa, hata zile ambazo hazijaingia punje. Nilisimama kando yake na mwavuli, hakunifukuza wala hakuniangalia. Alipomaliza alizimwaga zote zizini kwa mbuzi. Nilitamani anipige. Nimekuwa mwalimu, nimepiga watoto wengi kwa makosa madogo sana, na nilitamani mtu mmoja anipige mimi.

Hajaondoka. Aende wapi? Nasibu hajaandika. Upande wa baba yenu hawamjui. Shamba hili ni lake kwa haki, nami ndiye niliyebaki juu yake kama mgeni. Anapika, ananiwekea sahani, uji wangu haukosi moto. Daktari kampangia tarehe kumi na tisa akapewe majibu sahihi, atakwenda peke yake, ameshasema.

Hili moja nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kuandikiwa. Bado anapita mlangoni kwangu kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Anasimama pale pale. Mimi kwa mazoea naitikia marahaba, kwa sauti, kama nilivyoitikia miaka yote tangu masikio yaondoke. Halafu ndipo namtazama vizuri, na midomo yake imefungwa.

Ignas